Tangu Dakika hadi GB: Intaneti Ilivyoingia Nyumbani Kwetu Njoro

Miaka ya mwanzo ya 2000, intaneti ya Moshi ilikuwa kitu cha kufuatwa mjini. Tulitoka Njoro kwa miguu hadi maeneo ya Mnara wa Saa, kwenye vyumba vya kompyuta vilivyojaa watalii walioshuka Mlima Kilimanjaro na vijana wetu waliokuwa wakitafuta vyuo vya nje. Ulilipia dakika. Mhudumu aliandika kwenye daftari saa uliyoketi, na zikibaki dakika tano alikuja kukugusa bega. Kwa hiyo barua nilikuwa naiandika nyumbani kwa kalamu, nikifika pale ni kuinakili upesi na kuituma.

Sikuwahi kuona uonevu katika hilo. Juu ya paa lilikuwapo dishi la setilaiti, na kila tulichoandika kilipanda angani kabla hakijafika kilikokwenda. Njia ile ilikuwa nyembamba, na mwenye duka mwenyewe aliilipia kwa gharama kubwa. Kilichopimwa ndicho kilichokuwa haba.

Kisha nyaya za baharini zikafika. SEACOM ilizinduliwa Julai 2009, Dar es Salaam ikiwa mojawapo ya vituo vyake, na EASSy ikafuata mwaka 2010. Serikali nayo ikawa inatandaza Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano kuelekea mikoani. Tuliambiwa kasi itaongezeka na bei itashuka, na kweli vyote viwili vilitokea. Vyumba vya kompyuta vikaanza kufungwa kimoja baada ya kingine, kwa sababu intaneti ilishahamia kwenye modemu ya kuchomeka, kisha kwenye simu ya mkononi. Ukanunua vocha dukani kwa mangi, ukakwangua, ukajiunga na bando.

Hapo ndipo hesabu ilipobadilika. Hatukulipia tena dakika, tukaanza kulipia MB, tena MB zenye umri: za saa 24, za wiki, za mwezi. Nyumbani kwangu, ambako ninafanya mahesabu ya kampuni ndogo za kupandisha wageni mlimani, nikajifunza kufungua viambatisho vya wateja kwa kuchagua. Picha za risiti nilizipokea, video za safari niliziacha.

Binti wa dada yangu aliishi nami akiwa kidato cha sita. Masomo yake ya kemia aliyapata kwenye video, na somo la saa moja kwa picha safi linaweza kumaliza GB nzima. Mchana hatukuweza kumudu. Akagundua bando la usiku, GB nyingi kwa bei ndogo, linaloanza saa sita. Alitega kengele ya simu, akaamka, akajifunika kitenge mabegani na kukaa mezani akipakua video moja baada ya nyingine, huku akiandika kwenye karatasi ipi imekamilika. Alfajiri alirudi kulala nusu saa, kisha akaenda shule macho yamevimba. “Mama mdogo, mtandao wa usiku unakimbia kweli,” aliniambia siku moja, kwa furaha kabisa.

Kauli ile ya mtoto ilinifungua macho kuliko maelezo yote niliyowahi kupewa na kampuni za simu. Kama saa nane usiku GB ni rahisi na zinakimbia, basi kinachopungua si GB. Haziko ghalani zikisubiri kwisha. Kilicho haba ni nafasi kwenye mnara na kwenye njia saa mbili usiku, mtaa mzima unapokuwa umerudi nyumbani na kila simu imewashwa. Nikipakua kitabu tarehe 3 alfajiri, sipunguzi hata chembe ya alichobakiwa nacho jirani yangu tarehe 20. Lakini kikomo cha mwezi kinahesabu ile alfajiri na ile jioni sawasawa.

Linganisha na LUKU. Ukinunua uniti za umeme leo, ukasafiri kwenda Rombo msibani, ukirudi unazikuta. Bando halikusubiri. Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na SEACOM zilipokatika baharini, intaneti ilidorora nchini. Bando langu la wiki liliendelea kuhesabu saa zake, na siku zake zilipokwisha likafutika na GB ambazo sikuwa nimepata njia ya kuzitumia.

Siyo kwamba nchi haijawahi kulisikia jambo hili. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilitoa kanuni mwaka 2021 za kumlinda mnunuzi wa vifurushi: ajulishwe akifikia asilimia 75 ya matumizi na tena akimaliza, na aweze kumgawia mwingine alichonunua. Zilipoanza kutumika mwezi Aprili, bei za vifurushi zikapanda ghafla, watu wakapaza sauti, na Serikali ikazisitisha bei hizo. Bei elekezi ya TCRA iliyotajwa miaka hiyo ilikuwa kati ya shilingi 2.03 na 9.35 kwa MB moja. Hata kwa kiwango cha chini kabisa, nyumba inayotumia GB 100 kwa mwezi ingelipa zaidi ya shilingi 200,000. Kwa hesabu hiyo familia ya kawaida ya Njoro haiwezi kuendesha nyumba kwa bando. Inahitaji huduma ya nyumbani.

Nami niliichukua, ruta ya kuweka mezani, kwa malipo ya mwezi na tangazo lililosema haina kikomo. Wiki mbili za kwanza nyumba nzima ilifurahi. Wiki ya tatu kasi ikaanguka hata barua pepe yenye picha moja ikagoma kwenda. Nilipopiga huduma kwa wateja, kijana aliniambia kwa adabu kwamba nimevuka kiwango cha “matumizi ya haki”. Kiwango chenyewe hakikuwa kwenye tangazo. Kasi haikurudi mpaka tarehe ya malipo mapya, usiku wa manane na saa mbili usiku ni ile ile.

Najua hoja ya kampuni, nayo ina uzito. Mnara unagawanywa kwa watu wengi, na nyumba moja inayopakua filamu mfululizo jioni inaweza kumkwamisha mgonjwa anayezungumza na daktari. Basi apunguzwe kasi jioni ile, msongamano ukiisha aachiwe. Kikomo cha mwezi hakihitajiki kwa hilo. Huko Marekani, kampuni za intaneti za Comcast na AT&T zilikuwa zimewawekea wateja wa nyumbani vikomo kwa miaka mingi. Machi 2020, korona ilipowafungia watu majumbani na matumizi yakapanda, ndipo zilipoviondoa kwa muda, na mitandao yao ikahimili.

Mwezi Agosti 2022 intaneti ya kasi ilizinduliwa mlimani kwetu, kwenye kituo cha Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari. Nilijivunia. Mpandaji akiteguka mguu anaweza kuomba msaada, na kampuni ninazozifanyia kazi zimefaidika. Taifa lililoweza kufikisha mawasiliano pale halishindwi kuweka utaratibu wa haki kwa nyumba zilizo chini ya mlima.

Ninachodai ni mambo matatu. Nilichokinunua kisifutwe na kalenda. Kikomo, kama kipo, kiandikwe kwa tarakimu kwenye tangazo, kwa herufi kubwa sawa na bei. Na kasi ipunguzwe pale tu njia inapobanana. Enzi za setilaiti tulikubali kuhesabiwa kwa kuwa sababu yake tuliiona pale juu ya paa. Anayetuhesabia leo naye atuonyeshe yake, na akishindwa, TCRA imlazimishe aache.