Siku Yangu ya Mwisho Maskati

Safari ya Maskati nilianza kuipanga mwaka 2018. Mshahara wa mwalimu wanaujua walimu wenyewe. Nilikuwa nikiweka akiba kidogo kidogo, na kila ikikaribia kutosha huzuka jambo. Mwaka 2020 yakaja maradhi ya Korona, viwanja vya ndege vikafungwa. Hata mwaka 2024 nauli ikatimia, nikaondoka peke yangu kwa siku 10. Mhariri ameniomba niandike habari za safari hiyo. Nikiandika zote gazeti letu halitatosha, basi nitaeleza siku ya mwisho tu.

Asubuhi nalikwenda Mutrah kununua zawadi. Soko la Mutrah li karibu na bahari, na njia zake ni nyembamba kama vichochoro vya Mji Mkongwe, zanukia ubani. Nikamwuliza muuza halua bei kwa Kiarabu changu cha chuoni. Akanitazama, akanijibu kwa Kiswahili, "Wewe mtu wa Chake au wa Wete?" Halua ya huko hutiwa zafarani na maji ya mawaridi, lakini mimi ningali naipa mbele ile ya Wete.

Juu ya mji huo ipo ngome waliyoijenga Wareno. Wanafunzi wa historia watakumbuka kwamba Waomani waliwatoa Wareno Maskati mwaka 1650, kisha wakawatoa Mombasa mwaka 1698. Sayyid Said alipokufa mwaka 1856 wanawe waligombea urithi, na mwaka 1861 ikaamuliwa nchi mbili zitengane, na Zanzibar iilipe Maskati riyali 40,000 kila mwaka, maana siku hizo tajiri alikuwa Zanzibar kwa ajili ya karafuu. Siku hizi mambo yamegeuka. Sisi ndio tunaongoja jamaa wa Maskati walete.

Nalikusudia kwenda kuona Makumbusho ya Taifa, yaliyofunguliwa mwaka 2016. Lakini mama mkubwa akapiga simu: "Mwanangu, njoo ukae. Makumbusho ni mimi."

Mama mkubwa ni dada wa mama yangu. Alitoka Vitongoji na mumewe mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, naye ni msichana wa miaka 17. Walikaa Dubai, na baada ya Sultani Qaboos kushika utawala mwaka 1970 na kuwaita Waomani walio nje, wakahamia Maskati. Hakupata kurudi Pemba. Kiswahili chake ni kile cha Vitongoji ya zamani. Wanawe wanakisema, wajukuu wanakisikia, lakini hujibu kwa Kiarabu.

Sasa, kabla sijaondoka nyumbani mama alinishika mkono akaniambia, "Akikuuliza nyumba ya babu yako, mwambie ipo." Nyumba hiyo ilianguka zamani kwa mvua za masika. Siku 9 zikapita, mama mkubwa hakuuliza. Siku ya 10, baada ya sala ya laasiri, akiwa anamimina kahawa, akasema kama mtu auliziaye hali ya hewa: "Hivi nyumba ya baba mmekwisha kuitia mabati, au bado ya makuti?"

Swali hilo mama hakunifundisha jawabu lake. Ningeweza kusema mabati, na jambo likaisha. Lakini mtu aliyengoja miaka 60 niliona hastahili kupewa bati la uongo.

"Imeanguka, mama mkubwa. Umebaki msingi."

Alikiweka chini kikombe. Hakusema neno, na mimi sikuthubutu kumtazama usoni. Hatimaye akauliza, "Na kisima?"

"Kisima kipo. Watu wanateka."

"Maji yake?"

"Maji baridi. Hayana chumvi."

"Baba alichimba mahali pawili akapata maji ya chumvi," akasema. "Pa tatu ndipo akapata hayo. Mimi nilikuwa nikivuta udongo kwa kamba." Habari hiyo mama yangu hajapata kunihadithia, huenda wakati ule alikuwa mchanga mno. Akaendelea kunieleza nani alishuka kuchimba, nani aliogopa, na mpishi alichowapikia siku maji yalipotoka, hata ikaadhiniwa magharibi.

Wakati wa kuagana, gari likiwa mlangoni, alinitia mkononi riyali 20. "Nunua kamba na ndoo mpya. Usiseme zimetoka kwa nani."

Nilifika Vitongoji kesho yake jioni, na baada ya siku mbili nikaleta ndoo nyumbani. Mama alikuwa ukumbini akisuka ukili. Akaniuliza ndoo ya nini, na mimi nikamweleza yote, hata lile nililoambiwa nisiseme, maana kwa mama hakufichiki kitu. Akasuka kitambo.

"Alilia?"

"Hakulia."

"Haya," akasema. "Kesho nipeleke kisimani."