Siku Mbili za Pwani: Unguja au Bagamoyo?

Walimu wengi wa huku kwetu Mwanza, wakiitwa pwani kwa mkutano au kwa mafunzo, hubakiwa na siku mbili tatu kabla ya kurudi nyumbani. Hapo ndipo huzuka swali: siku hizo chache tuzitumie wapi? Wengine husema Unguja, wengine husema Bagamoyo. Sisi nasi jambo hilo lilitupata mwezi wa Desemba 2024, na maneno tuliyosemezana yalikuwa mengi. Twaona ni vema kuwasimulia, ili atakayepata nafasi kama yetu awe na kipimo cha kupimia.

Twaliondoka stendi ya Nyegezi alfajiri kwa basi mpaka Dodoma, tukalala huko. Kesho yake tukapanda treni mpya ya umeme, ile iliyoanza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka huo huo wa 2024, na baada ya muda wa saa nne hivi tukawa Dar es Salaam. Toka Mkolani hata pwani ni zaidi ya kilometa 1,100, nasi twaliimaliza njia hiyo kwa siku mbili, tumeketi. Twamwomba msomaji alikumbuke neno hilo, “tumeketi,” maana tutalirudia.

Mwenzetu, mama wa watoto, alikuwa amekwisha kuchagua tangu nyumbani. Yeye alitaka Unguja. Tulimwahidi safari hiyo mwaka ule tuliooana, na kila mwaka ada za shule zikatangulia mbele yake. Wala sababu zake hazikuwa nyepesi. Huko Mkunazini, katika Mji Mkongwe, limesimama kanisa kubwa la Waanglikana mahali palipokuwa soko la watumwa. Soko lile lilifungwa mwezi wa Juni 1873, Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba na Waingereza, na siku ya Noeli ya mwaka huo huo jiwe la msingi likawekwa. Husemwa kwamba altare imejengwa hasa pale uliposimama mti wa kuchapia watumwa. Aliyelisimamia jengo ni Askofu Edward Steere, mtu aliyetumika sana katika kuandika na kufasiri kwa Kiswahili. Naye amezikwa humo nyuma ya altare. Upo na msalaba uliochongwa kwa mbao za mti ambao chini yake ulizikwa moyo wa Livingstone, kule Chitambo katika nchi ya Zambia ya leo.

Zaidi ya hayo, Unguja ina milango yake ya nakshi, na vichochoro vyake, na Forodhani jioni, wauza vyakula wanapowasha taa zao. Tangu mwaka 2000 Mji Mkongwe umehesabiwa miongoni mwa urithi wa dunia nzima. Ni nani asiyetamani kuuona? Kwa haki twasema, kama uzuri peke yake ndio ungekuwa hakimu, shauri lingekwisha pale pale.

Lakini juma moja kabla ya safari twalikwenda kumuaga shangazi, dada yake marehemu baba yetu, ambaye umri wake umepita miaka 80. Aliposikia kwamba twaenda pwani, akaweka chini ungo aliokuwa akipetea mtama, akasema: “Wanangu, babu yangu alichukua mzigo wa pembe za ndovu akaenda nao Bagamoyo, hakurudi. Baba yangu aliachwa akali ananyonya. Bibi alimngoja mumewe hata akafa. Katika ukoo wengine husema alikamatwa akauzwa. Wengine husema alipata mke wa pwani akatusahau. Baba yangu alikufa na uchungu huo, wala hakutaka jina lile apewe mtoto ye yote. Basi nendeni mkaniulizie.”

Tukaitikia kama waitikiavyo watoto. Njiani twalifikiri: tukamwulize nani, mtu aliyepotea kabla ya reli kufika Mwanza, na reli yenyewe ilifika mwaka 1928?

Tulipofika Dar es Salaam, mkutano ukaisha, tukabaki na siku mbili kamili. Mwenyeji wetu akasema, “Nendeni kote kote.” Tukakaa kupiga hesabu. Boti ya kwenda Unguja huchukua muda wa saa mbili hivi, na kurudi vile vile. Bagamoyo ni mwendo wa kilometa 70 na kitu kwa gari. Kwa karatasi yawezekana. Lakini mtu atakuwa ameona bandari, na stendi, na saa yake mkononi, basi. Wazee walisema, mshika mbili moja humponyoka. Tena nauli ya boti huizidi nauli ya basi la Bagamoyo mara nyingi, nasi tulikuwa tumeacha watoto nyumbani.

Usiku ule hatukulala mapema. Mama wa watoto akanyamaza kitambo, kisha akasema, “Baba watoto, Unguja ni hamu yangu. Bagamoyo ni deni. Deni hulipwa kwanza.”

Tukamjibu, “Hata ahadi ni deni. Nawe umengoja miaka mingi.”

Akasema, “Ni kweli. Lakini mimi naweza kungoja. Shangazi hawezi.”

Hatukuwa na jibu. Asubuhi tukapanda basi la Bagamoyo.

Bagamoyo ni mji mpole. Majumba yake ya kale ya mawe, mengine yamesimama, mengine yamebaki kuta tupu na miti imeota ndani. Boma la Wadachi, lililojengwa mwaka 1897, latazama bahari. Zamani hizo mji huu ulikuwa mlango wa bara nzima: misafara iliyotoka Tabora, na Ujiji, na kwetu Usukuma, ilishukia hapa, na mali zikavushwa kwa majahazi mpaka Unguja. Hivyo miji hii miwili ilikuwa kama kizingiti na sebule ya nyumba moja.

Tulianzia misioni. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika hapa mwaka 1868, wakaanza kwa kuwakomboa watoto waliouzwa, wakawajengea kijiji cha uhuru. Njia ya miembe yatoka baharini mpaka misioni. Yupo mbuyu uliopandwa siku zile za kwanza, nao sasa hauzungukwi kwa mikono ya watu wawili wala watatu. Yapo makaburi ya wamisionari, na wengi wao, ukisoma miaka yao, walikufa wangali vijana.

Mnara wa kanisa la kwanza, lililojengwa mwaka 1872, bado upo. Humo uliwekwa mwili wa David Livingstone tarehe 24 Februari 1874, ukalala, kisha ukavushwa kwa meli mpaka Unguja, na kutoka Unguja hata Uingereza. Alikufa tarehe 1 Mei 1873 kule Chitambo, na watu wake, kina Chuma na Susi, waliuchukua mwili wake kwa miguu muda wa miezi mingi, njia ya zaidi ya kilometa 1,500. Majina ya Chuma na Susi yameandikwa vitabuni. Sisi tukaulizana: na wapagazi wengine, maelfu kwa maelfu, waliotua mizigo yao katika mji huu kila mwaka, majina yao yako wapi?

Swali hilo twalilipeleka mjini, katika nyumba ya kumbukumbu ya misafara, ambako hapo zamani wapagazi walipiga kambi. Tukamkuta mzee mmoja anayewaongoza wageni. Tukamweleza habari za shangazi bila kuficha neno. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Ndugu zangu, pembe zilihesabiwa, na vitambaa vilihesabiwa. Mpagazi hakuandikwa jina lake. Hapa hamtalipata.”

Mioyo yetu ikaanguka. Lakini yule mzee hakutuacha hivyo. Alitufundisha kwamba Wanyamwezi na Wasukuma wengi waliochukua pembe walikuwa watu huru, waliopatana ujira, tena ujira huo mara nyingi ulikuwa ni nguo. Ingawa katika njia ile ile walipita na mateka waliofungwa minyororo. Mzigo wa mpagazi mmoja ulifika kilo 30 na zaidi, naye aliuchukua miezi mitatu. Akasema tena, “Ninyi mwagombana kama aliuzwa au aliwasahau. Je, ndui? Je, kipindupindu? Njia ile ilikuwa na makaburi mengi kuliko vijiji. Waliokufa njiani walizikwa na wenzao, na wenzao nao pengine hawakufika.”

Wapenzi wasomaji, twalitazamana. Katika ukoo wetu, tangu enzi za babu, watu walishindana juu ya njia mbili, wala hatukumsikia hata mmoja aliyetaja ya tatu.

Jioni twalishuka ufukoni. Watu husema jina la mji latokana na “bwaga moyo,” nalo huelezwa kwa namna mbili. Mpagazi aliposikia mawimbi alibwaga moyo, maana yake alipumzika, kwa kuwa mzigo umefika. Mtumwa naye alibwaga moyo wake hapa, maana hakutumaini kuiona kwao tena. Neno moja, watu wawili, katika mchanga ule ule. Babu yetu alilitamka kwa maana ipi? Au hakulitamka kamwe?

Mama wa watoto alivua viatu akaingia maji mpaka vifundoni. Twalimsomea tuliyoyaandika katika daftari: Stanley aliondoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874, akafika Kageye, ufukoni mwa ziwa letu karibu na Mwanza, tarehe 27 Februari 1875. Zaidi ya siku 100, naye mzungu hakuchukua mzigo. Sisi twalitumia siku mbili, tumeketi. Mama wa watoto akasema, “Na sisi twaliona mgongo unauma.” Tukacheka, kisha tukanyamaza. Kabla ya kurudi tulikolala tukawaombea wapagazi wote wasio na majina.

Kesho yake tulinunua chumvi sokoni, chumvi ya bahari, tukaifunga vizuri. Maana mpagazi atokaye pwani hakurudi mikono mitupu.

Tulipofika nyumbani, kabla hatujafungua mizigo, twalikwenda kwa shangazi. Tukamweleza yote. Hatukuongeza neno ili kumfurahisha. Aliinama kwa muda mrefu, kisha akauliza, “Kwa hiyo hapana ajuaye kama alituacha?”

Tukasema, “Hapana, shangazi.”

Akasema, “Basi tusizidi kumsema vibaya.” Akaonja chumvi kwa ncha ya ulimi, akaifungia katika upindo wa kanga yake. Mwezi wa tatu mjukuu akazaliwa katika ukoo, mtoto wa kiume, na shangazi mwenyewe ndiye aliyelitaja lile jina.

Sasa, wewe msomaji utakayebakiwa na siku mbili pwani, utachagua nini? Hatutakuambia Bagamoyo ni bora. Ukitaka kuona kanisa lililosimama juu ya soko la watu, na mji usio na mfano wake katika pwani yetu, panda boti uende Unguja. Ukitaka utulivu kwa fedha chache, nenda Bagamoyo. Lakini usiende kote kote kwa mbio; wala usichague kabla hujawauliza wazee wa nyumbani kwako, kwani pengine mmoja wao ameweka swali moyoni miaka mingi, akingoja mtu wa kulichukua.

Nasi hatujasahau. Juu ya kabati letu sasa pana kopo lililotobolewa tundu, na mama wa watoto ameandika juu yake kwa mkono wake: UNGUJA. Kila mwisho wa mwezi tunatia kitu, hata kama ni kidogo. Deni la kwanza limelipwa. La pili tunalilipa polepole.