Sikio la Mwenye Kuuliza

Vijana wanaoniletea mashairi yao huniuliza ninasoma nini. Siku hizi huwajibu kwamba ninasikiliza zaidi kuliko ninavyosoma, nao hunitazama kwa mashaka, kana kwamba nimekiri uvivu. Macho yangu yamechoka, hilo sikatai, lakini sababu yangu ni nyengine. Kazi ya tafsiri sikufundishwa darasani. Niliiokota kwa kuwasikiliza wajuzi wakihojiwa redioni. Mahojiano ya namna ile sasa mengi yamehamia kwenye podikasti, ambazo mtu huzipakua mchana akazisikiliza usiku, hata umeme ukikatika.

Zinazovuma sitazitaja, kwani hazinihitaji. Ninazozipendekeza ni za Kiingereza, jambo linalonisikitisha, maana simu za kurekodia tunazo na wazee wa kuhojiwa tungali nao.

Between the Covers ni ya David Naimon wa Portland, Marekani, aliyeanzia katika KBOO, redio ya jamii ya mji huo. Mazungumzo yake na mwandishi mmoja huweza kupita saa mbili, na swali lake moja huweza kuwa refu kama utangulizi wa utenzi. Mara ya kwanza nilikereka nikazima. Niliporudi nikagundua kwamba baada ya maswali hayo mgeni hunyamaza kidogo, kisha hutoa jawabu ambalo hakuja nalo kutoka nyumbani. Na Ursula K. Le Guin alizungumza mara tatu: juu ya hadithi, juu ya ushairi, na juu ya insha. Mazungumzo hayo yakawa kitabu, Conversations on Writing, kilichotoka 2018, mwaka aliofariki bibi huyo. Watafsiri nao hualikwa, wakaulizwa kama watunzi. Sisi wa kazi hii hatukuzoea heshima hiyo.

Bookworm ya Michael Silverblatt ilirushwa na KCRW ya California tangu 1989 hadi 2022. Ni nusu saa tu. Silverblatt alikuwa na desturi ya kusoma vitabu vyote vya mgeni wake kabla ya kuketi naye, na mara nyengine utamsikia mwandishi mkubwa akishangaa kuonyeshwa jambo ndani ya kitabu alichokiandika mwenyewe.

Lakini anayenirudisha kila mara ni Studs Terkel wa Chicago, aliyehoji watu katika redio ya WFMT tangu 1952 hadi 1997. Rekodi zake zinapindukia 5,000, na hifadhi yake ilifunguliwa kwenye intaneti mwaka 2018, miaka kumi baada ya kifo chake. Anza na James Baldwin, 1961. Terkel anatanguliza sahani ya Bessie Smith, na Baldwin anaeleza jinsi alivyokwenda na sahani za mwimbaji huyo katika kijiji cha milimani Uswisi, akazisikiliza mpaka akairudia lahaja ya utoto wake aliyokuwa ameitupa kwa aibu. Hapo Terkel haingilii. Anamwacha mwenzake afike.

Nimeyasikiliza mazungumzo hayo mara nyingi, na kila mara huikumbuka kaseti yangu mwenyewe. Katika miaka ya 1990 nilivuka kwenda Pemba kumhoji mzee mmoja, mtunzi ambaye hakupata kuchapishwa. Nilikuwa kijana, nimejiandikia maswali kumi na mawili, na nilitaka aone kwamba ninajua. Mwaka jana nilipata mashine ya kuichezea kaseti ile. Karibu nusu yake ni sauti yangu. Mahali fulani mzee anaanza kusimulia kwamba alipata kutunga shairi ambalo mkewe alipolisikia alilia, naye akaapa kutolisoma tena mbele ya mtu, ila ubeti wake wa mwisho... Hapo ninasikika nikikohoa na kumkatiza: je, mizani yake ilikuwa kumi na sita au kumi na mbili?

Mzee amekwishafariki, na mkewe pia. Katika kaseti kuna kimya kifupi, jogoo anawika nje, kisha anasema kwa upole, "Haya mwanangu, na tuseme mizani."