Tazama Mdomo Kabla ya Kumpiga Ndege

Mimi ni bwana shamba. Nimetembelea vijiji vingi vya Musoma, Bunda na Butiama. Leo naeleza kosa langu mwenyewe.

Mwaka mmoja kwelea kwelea walivamia mtama katika kijiji kimoja cha Bunda. Nilikasirika. Nikawaambia watoto, "Kila ndege mdogo ni adui. Mpigeni!"

Jioni mtoto mmoja aliniletea ndege aliyempiga kwa manati katika miti ya kando ya kijito. Kichwa cha ndege kilikuwa cheusi na kifua cha kijivu. Mgongo na mkia vilikuwa na rangi ya kutu. Mkia ulikuwa mrefu sana. Jicho lilizungukwa na ngozi ya buluu.

Mzee mmoja akauliza, "Bwana shamba, na huyu anakula mtama?"

Nikamfungua mdomo. Ndani mlikuwa na nzi. Hapakuwa na punje hata moja.

Tukaenda kijitoni. Tukaona kiota kidogo kama kikombe, kimeshikizwa kwa utando wa buibui. Makinda mawili yalikuwa yanalia. Jike alikuwa akiyalisha peke yake. Niliona haya.

Tangu siku hiyo nafundisha hivi:

Kwanza, tazama mdomo. Mdomo wa kwelea kwelea ni mfupi na mnene, wa kuvunjia punje. Mdomo wa huyu mla wadudu ni bapa, tena una vinyweleo pembeni.

Pili, tazama mwendo. Kwelea kwelea huja kwa makundi makubwa. Huyu hukaa kivulini, peke yake au wawili. Huruka ghafla, hukamata mdudu hewani, kisha hurudi mtini.

Tatu, usidanganyike kwa mkia. Dume ana mkia mrefu, lakini mkia wa jike ni mfupi. Wote wawili hulalia mayai na kulisha makinda. Ukimwua mmoja, mwenzake hubaki na kazi ya wawili.

Ndugu mkulima, fukuza kwelea kwelea shambani. Lakini miti ya kando ya kijito usiikate, maana ndiyo nyumba ya huyu rafiki yetu. Waulize wazee jina lake kwa lugha yenu, kisha uwafundishe watoto.

Yule mtoto hakuwa na kosa. Mwenye kosa ni mimi niliyekuwa na cheti cha kilimo, nikatoa amri kabla ya kutazama.