Kesi ya Arusha Iliyofika Sheffield

Mjomba,

Uliniuliza kwenye simu huku tunasoma nini hasa katika uzamili wa kriminolojia na haki, na kama kweli mtu anahitaji kupanda ndege mpaka Uingereza kujifunza habari za wezi. Swali lako ni la haki, na dakika za simu hazikulitosha. Ndiyo maana nakujibu kwa barua, na wasomaji wa safu hii wasikilize.

Tarehe 31 Machi 1976, msomi wa Norwe aitwaye Nils Christie alialikwa hapa Chuo Kikuu cha Sheffield kutoa mhadhara wa kuzindua kituo cha kriminolojia. Hakuanza na Oslo wala London. Alianza na kijiji cha mkoa wa Arusha, ndani ya nyumba iliyofurika watu, kesi ikiendelea. Mwanamume na mwanamke walikuwa wachumba. Mwanamume alikuwa ametoa vitu kwa muda mrefu, mwanamke akavunja uchumba, na sasa mwanamume anataka vyake virudi. Dhahabu na pesa ziliamuliwa upesi. Ubishi ulikuwa kwenye vitu vilivyokwisha kuchakaa: navyo vinarudije? Wawili hao walisimama katikati na kusema wenyewe. Ndugu walikuwa karibu, lakini hawakuwanyang'anya maneno. Watu waliuliza, wakaongeza wanayoyajua, wakacheka. Waamuzi, makatibu watatu wa chama, ndio walionyamaza kuliko wote, kwa kuwa mambo ya kijiji kile hawakuyajua. Wataalamu walikuwa ni wale wengine wote waliojaa nyumbani mle.

Mhadhara huo ulichapishwa mwaka 1977, na tangu hapo wanafunzi wa fani hii duniani kote wamekuwa wakiusoma. Hoja ya Christie ni kwamba mgogoro ni mali ya waliogombana, na katika nchi za viwanda mali hiyo imeporwa na dola na mawakili. Aliyeibiwa hupoteza mara mbili: kwanza kitu chake, kisha nafasi ya kusema katika shauri lake mwenyewe. Na jamii nzima hupoteza pia, maana watu wakibishana hadharani ndipo wanapotambua wanachokithamini. Wenzangu darasani waliisoma kesi ile kama mfano tu. Mimi niliwaona watu ninaowajua, wanavyokatizana na wanavyoapa.

Nilikwenda kuketi kwenye viti vya wananchi katika mahakama ya mahakimu, kwa kuwa hapa yeyote anaweza kuingia kusikiliza. Karibu kesi zote za jinai za England na Wales huanzia kwenye mahakama za namna hiyo, na nyingi mno huishia humohumo. Wengi wa mahakimu wake ni raia wa kawaida wanaojitolea bila mshahara, wakiongozwa na mshauri wa sheria, na hilo nimelipenda kwa dhati. Lakini mshtakiwa anataja jina lake, tarehe ya kuzaliwa, anakiri au anakana, kisha wakili ndiye anayesema. Akikiri, mara nyingi aliyetendewa kosa hata hayupo ukumbini. Tangu 2015 kuna pia utaratibu wa hakimu mmoja kuamua makosa madogo, kama kutolipia leseni ya televisheni, kwa kusoma makaratasi peke yake bila mshtakiwa kuwepo. Kwa kosa hilo la televisheni, wengi wanaotiwa hatiani ni wanawake. Mtu anatiwa hatiani bila kuonana uso kwa uso na aliyemhukumu. Hilo linaniumiza.

Sasa nageukia kwetu Tanzania, kwako wewe uliyekaa baraza la kata. Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa: baraza halitoi tena uamuzi wa migogoro ya ardhi, linasuluhisha tu, ndani ya siku 30, na likishindwa shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mwaka huohuo Kiswahili kilifanywa lugha ya mahakama. Hatua hii ya pili naiunga mkono bila kusita, kwani mtu hawezi kuimiliki kesi asiyoielewa. Ile ya kwanza nina mashaka nayo. Najua malalamiko yaliyokuwepo: rushwa, upendeleo, wajumbe kuamua mambo makubwa bila kujua sheria. Ila kila hatua ya kwenda wilayani ni nauli, ni siku ya shamba iliyopotea, na ni umbali kati ya mwamuzi na mpaka unaogombewa.

Hata hivyo sikubaliani na Christie kwa kila neno. Kijiji kinachojua kila kitu kinajua pia kumnyamazisha mjane. Sheria ya migogoro ya ardhi ya 2002 ilitaka wajumbe watatu wa baraza wawe wanawake kwa sababu bila hivyo wangesahauliwa, na kukaa kwenye kiti bado si kusikilizwa. Ndugu wa marehemu wakijaa ukumbini, utaalamu wao unaweza kuwa ndio silaha.

Hapo ndipo nataka tasnifu yangu ikae. Maisha ya huku ni vilima, baridi inayoingia mpaka mifupani, na kazi isiyozidi saa 20 kwa wiki ambazo viza inamruhusu mwanafunzi wakati wa muhula. Lakini maktaba ziko wazi hadi usiku na walimu wanapenda kubishiwa. Wananiambia suala la mabaraza lina uzito. Kinachonipungukia hakimo vitabuni, kiko kwako. Tangu mlipoondolewa uamuzi, watu bado wanakuja? Wanaokubali suluhu, wanakubali kwa kuridhika au kwa kukosa nauli ya wilayani? Na mwanamke akisimama mbele yenu kudai shamba, anasema mwenyewe, au kaka yake ndiye anayemsemea? Niandikie kwa urefu, pamoja na yale yasiyopendeza.