Mstari na Mteremko

Msomaji wangu kijana, yamkini umewahi kuambiwa kwamba mchezo ni adui wa masomo. Maneno hayo yana kweli ndani yake, lakini si kweli yote. Iko michezo impotezayo mtu, na iko michezo imwonyeshayo mtu alikopotea. Nataka kukusimulia habari za mmoja wa aina hii ya pili. Niliukuta mjini Machakos nilipokuwa mwanafunzi kama wewe, nao ukanifundisha jambo ambalo mwalimu wangu wa fizikia alikuwa amekwisha kunieleza, na ambalo nilikuwa nimelijibu vizuri katika mtihani pasipo kulielewa.

Mchezo huo huitwa Line Rider. Mtungaji wake ni Boštjan Čadež, ambaye alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu katika nchi ya Slovenia alipoutoa katika intaneti, mwezi wa Septemba mwaka 2006. Kwa sura ni kitu chepesi mno. Ukiufungua katika kivinjari cha kompyuta waona ukurasa mweupe, mtupu kama karatasi isiyoandikwa, na juu yake alama ya kalamu. Waishika kalamu hiyo kwa kipanya, wachora mstari upendavyo: ulionyoka au uliopinda, wenye milima au mabonde. Kisha wabonyeza alama ya kuanza. Hapo hutokea kijitu kidogo chenye skafu shingoni, kimeketi juu ya kigari kisicho magurudumu, cha namna ile watumiayo watu wa nchi za baridi kutelezea juu ya theluji. Kijitu huanguka juu ya mstari wako, na mteremko hukichukua.

Basi, hakuna zaidi ya hayo. Hakuna adui wa kupigana naye, hakuna alama za kuhesabu, hakuna mshindi wala mshinde. Hata hivyo, katika majuma machache watu wa nchi nyingi walikuwa wakiuchezea, wakionyeshana njia walizozichora. Kwa nini? Nadhani ni kwa sababu hii: kabla ya kubonyeza, wewe ni mfalme wa ukurasa ule, ukisha kubonyeza, huna amri tena. Huwezi kukisukuma kijitu wala kukishika mkono. Kilichobaki ni mstari wako na sheria za maumbile, nawe umekaa kando kama mtazamaji.

Sheria hizo zimeandikwa ndani ya mchezo kwa hesabu. Mara 40 katika kila sekunde kompyuta hukiuliza kijitu kiko wapi na kinakwenda upesi kiasi gani; hukivuta chini kidogo, kama dunia ituvutavyo sote; kisha hutazama kama kimeugusa mstari. Mwili wake na kigari chake ni nukta chache zilizoungwa pamoja. Mshtuko ukizidi kipimo, kiungo hukatika, na kijitu hutupwa mbali na kigari chake. Mstari ule ule huleta matokeo yale yale, leo na kesho, kwa tajiri na kwa maskini. Kompyuta haikupendi wala haikuchukii.

Jambo hili si geni. Galileo Galilei, mtaalamu wa Italia, katika kitabu kilichotolewa mwaka 1638, alieleza jinsi alivyoviringisha tufe la shaba katika mfereji laini uliochongwa juu ya ubao ulioinamishwa. Hakuwa na saa kama hizi zetu. Alipima muda kwa uzito wa maji yaliyochuruzika kutoka chomboni. Akaona kwamba muda ukiwa mara 2, umbali huwa mara 4. Muda ukiwa mara 3, umbali huwa mara 9. Maana yake ni kuwa kinachoteremka huanza kwa upole na kumaliza kwa nguvu. Zingatia neno hilo, maana ndilo lililonidhuru.

Mwezi wa Agosti mwaka 2007 nilikuwa kidato cha tatu, nami nilikuwa nyumbani kwa likizo. Shamba letu liko ubavuni mwa kilima, kama yalivyo mashamba mengi ya Machakos. Mama alitaka kuchimba mtaro mpya wa fanya juu kabla ya mvua za vuli. Ikiwa hujui maana ya jina hilo, ni hivi: wachimba mtaro ukikingama na mteremko, na udongo wautupa upande wa juu, ukawa tuta. Mvua ikinyesha, tuta huyazuia maji na udongo visikimbie. Miaka ikipita, udongo hujikusanya nyuma ya tuta, na shamba lililoinama huwa mfano wa ngazi zilizo tambarare.

Mitaro hiyo ina historia, nawe uliye mwana wa Kenya yafaa uijue. Katika miaka ya 1930 sehemu nyingi za Machakos zilikuwa zimechujuka udongo, zimebaki makorongo. Serikali ya kikoloni iliwalazimisha watu kuchimba matuta, nao waliichukia kazi hiyo kwa kuwa ilikuwa ya shuruti. Lakini walipoona faida yake waliifanya iwe yao. Vikundi vya mwethya, yaani vya kusaidiana kazi, ambavyo vingi vilikuwa vya wanawake, vilichimba kilima baada ya kilima kwa majembe na mikono. Mwaka 1994 watafiti Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu kuhusu habari hizo. Walieleza kwamba tangu miaka ya 1930 hadi 1990 watu wa Machakos walikuwa wameongezeka zaidi ya mara 5, na juu ya hayo ardhi yao ilikuwa imehifadhika vizuri kuliko zamani.

Mama alikuwa mmoja wa wanawake hao. Aliniambia, "Mwanangu, nenda kwa mwenyekiti wa mwethya ukaazime kamba na pimamaji, utuwekee mambo ya mtaro. Wewe ndiwe msomi wetu." Kamba hiyo hufungwa kati ya vijiti viwili vilivyo sawa kwa urefu, na pimamaji ndogo hutundikwa katikati. Kijipovu kikisimama katikati ya kioo, miguu ya vijiti imesimama mahali palipo sawa, nawe wapigilia mambo na kuendelea mbele. Ni kazi ya polepole, nayo ilitaka watu watatu.

Nami sikwenda. Nilijiona mkubwa kwa kazi ya kutazama povu. Nilisimama juu ya jiwe, nikafumba jicho moja, nikaukadiria mstari kwa jicho la pili, na kabla ya saa sita mambo zote zilikuwa zimesimama. Mama aliuliza, "Umekwisha pima?" Nikajibu, "Naam, mama." Wanawake wa mwethya walikuja wakachimba kwa siku nne kuufuata uongo wangu.

Niliporudi kutoka shule mwishoni mwa Novemba, nilikuta tuta limepasuka kama chungu. Maji yalikuwa yamekimbilia mahali pamoja, yakajaa, yakapita juu, yakaanza kuteremka. Yakaanza kwa upole na kumaliza kwa nguvu. Matuta mawili ya chini, aliyoyatunza mama kwa miaka tisa, yalikuwa yamebomolewa. Mahindi na kunde vilikwenda na maji, na ule udongo mweusi alioukusanya msimu baada ya msimu ulikuwa umelala korongoni. Mama hakunigombeza. Alisema tu kwamba mvua ya mwaka ule ilikuwa kali, akanitazama. Nami, ewe msomaji, niliitikia. Nilisema, "Ilikuwa kali mno, mama." Mvua haina mdomo wa kujitetea.

Siku chache baadaye mama alinituma mjini nikampelekee mjomba barua pepe. Mjomba alikuwa akifanya kazi Mombasa, nasi tulihitaji msaada wake kwa karo, kwa kuwa mavuno yaliyokuwa yailipe yalikuwa hayapo. Niliingia katika duka la intaneti, ambalo sisi tuliliita saiba, nikaanza kuandika. Niliandika kwamba mvua kubwa isiyo ya kawaida ilikuwa imetuharibia shamba. Nilipotaka kuituma, mtandao ukasimama. Nikakaa nikingoja.

Kando yangu alikuwako mtoto wa kiume wa miaka kumi hivi, mtoto wa mwenye duka, anachezea Line Rider, kwa kuwa mchezo huo ukisha funguka huendelea hata mtandao usipokuwapo. Nilimtazama, nikacheka, nikamwomba nijaribu. Nilichora mstari mrefu ulioinama kidogo tu, ulionyoka sawasawa kwa jicho langu. Kijitu kilikwenda vizuri, kikashika kasi, kisha ghafula kikarushwa juu na kuanguka kichwa chini. Nikajaribu tena pasipo kubadili kitu. Kikaanguka pale pale. Nikasema, "Mchezo huu mbovu." Mtoto yule alinijibu kwa adabu, wala hakutaka kunifundisha lolote: "Kaka, mchezo si mbovu. Ni mstari wako." Akaweka kidole juu ya kioo. Palikuwa na kibonde, kidogo kama ukucha, na mbele yake kijinundu. Nilikuwa sikuviona, bali kijitu kilikuwa kimeviona mara zote mbili.

Nilikaa kimya. Mbele yangu hapakuwa na mvua ya kulaumu. Palikuwa na mstari tu, na mkono uliouchora ulikuwa wangu. Mtandao ulipofufuka niliirudia barua, nikafuta yale ya mvua, nikaandika: "Mjomba, mama aliniambia nipime, nami sikupima. Nilimwambia kuwa nimepima." Kisha nikaituma upesi, kabla moyo haujabadilika. Jioni ile nilimwambia mama maneno yale yale. Aliendelea kuchambua kunde chache alizoziokota, kisha akasema, "Maji hayakusoma kidato chochote, mwanangu, lakini yalijua ulipokosea. Nami nilijua siku ile ile, maana kamba haikutoka kwa mwenyekiti." Nikamwuliza kwa nini hakunizuia. Akasema, "Nilidhani utasema mwenyewe kabla ya mvua."

Asubuhi nilikwenda kuazima kamba na pimamaji. Tulipima mama, mimi na ndugu yangu mdogo. Mahali nilipoapa kuwa ni sawa palikuwa pameshuka zaidi ya shibiri moja. Huenda ukadhani jicho langu lilikuwa bovu kuliko macho mengine. Hasha. Mashariki ya mji wa Machakos, katika kilima cha Kituluni, pako mahali paitwapo Kyamwilu. Watu hufika hapo kutoka mbali kutazama maji yakimwagwa barabarani, nayo yaonekana kupanda mlima. Na gari lililoachiwa breki, injini ikiwa imezimwa, laonekana kupanda vile vile. Wako wasimuliao visa vya ajabu juu yake. Wanafizikia hueleza mahali pa namna hiyo, patokeapo katika nchi nyingi, kwa neno moja: jicho. Mtu aliyezungukwa na vilima vilivyoinama hupoteza kipimo cha usawa, akaona mteremko kuwa mwinuko. Maji hayapandi, yanashuka kama siku zote, nasi ndio tunaodanganyika. Basi mimi niliyezaliwa katika vilima hivyo nilitegemea nini nilipofumba jicho moja?

Mtaro ule tuliuchimba upya. Uliposhika, tukaupanda majani ya kulisha ng'ombe ili mizizi ilifunge tuta. Udongo mweusi haukurudi mwaka uliofuata, wala wa pili. Kosa la nusu siku lilichukua miaka kulipwa, na sehemu kubwa ya malipo hayo ilitoka mikononi mwa mama.

Ama mchezo wenyewe, nao ulikuwa na mtihani wake. Ulikuwa umejengwa juu ya programu iitwayo Flash, ambayo wenyewe waliacha kuitunza tarehe 31 Desemba 2020, na michezo mingi iliyojengwa juu yake ikanyamaza. Line Rider ulinusurika kwa kuwa watu walioupenda waliuandika tena kwa lugha ambayo vivinjari vya leo huifahamu. Wako wachorao njia zinazokwenda sambamba na muziki, kila kishindo kikiangukia noti yake. Mtazamaji husema, "Ustadi ulioje!" Haoni mara mia ambazo kijitu kilianguka, na mchoraji akarudi kutafuta kibonde kidogo kama ukucha.

Msomaji wangu, ukipata nafasi katika chumba cha kompyuta cha shule yenu, uutafute mchezo huo, uchore mstari mmoja. Kijitu kikianguka, usikimbilie kuufuta ukurasa wote, wala usiseme mchezo mbovu. Rudi utafute mahali. Na kama liko jambo ulilosema umelipima, na hukulipima, lisemee leo. Mvua za vuli huja kila mwaka, wala hazingoji.