Safari Salama, Sehemu ya 6: Altaneta Kubwa na Mtoto Anayehitaji Oksijeni

Tangu niandike kuhusu rufaa za usiku, kuna swali linarudi sana inboksi: “Nesi, mume wangu ni dereva jamii. Fundi anamwambia afunge altaneta kubwa ya gari lingine ili mashine ya oksijeni iwake njiani. Nimkubalie, au hiyo hela tulipie ada ya mtoto?”

Swali zuri, na ni letu kabisa. Tunduru mjini hadi Songea kwenye hospitali ya rufaa ya mkoa ni zaidi ya kilomita 250. Lami ipo, tunashukuru, ila anayetokea huko Nalasi ana safari nyingine kabla hata hajaikuta hiyo lami. Unapopiga 115 bure na ambulensi iko mbali, anayekuja anaweza kuwa mume wa mwenzako na gari lake.

Kwanza tuelewane altaneta ni nini. Ni kile kidude kinachozungushwa na mkanda wa injini, kinatengeneza umeme wa gari na kuchaji betri. Betri kazi yake kubwa ni kuwasha gari. Gari likishawaka, anayelisha nyumba ni altaneta.

Sasa piga hesabu kama unavyopiga ya sokoni. Mashine ya oksijeni ya lita 5 inakula wati 350 hivi. Ukipitisha kwenye inveta kutoka betri ya volti 12, ni kama ampea 33. Taa kubwa za mbele, ampea 9. Feni ya ndani, weka 15. Injini yenyewe, 10. Tayari uko karibu na 70, na waipa hujawasha. Kama altaneta ya gari imeandikwa ampea 70, huna akiba.

Tena hiyo 70 inapatikana injini ikizunguka kwa kasi. Gari likisimama linanguruma tu, altaneta inaweza kutoa nusu yake au pungufu. Nimeshawahi kukaa nyuma na kichanga, dereva akasimama kuziba pancha huku injini inawaka. Taa zikafifia, mashine ikaanza kulia. Tulikuwa na mtungi mdogo wa oksijeni, tukahamia huko. Mtungi hauulizi umeme.

Kwa hiyo fundi hajakosea. Altaneta ya ampea 100 ya gari lingine inasaidia kweli. Na usiogope maneno kwamba “itaunguza kila kitu kwa sababu ina nguvu”. Volti zinabaki zilezile, na kila kifaa kinavuta kiasi chake tu. Hatari iko kwenye kazi ya nusunusu. Kabla hela haijatoka, baba watoto amuulize fundi haya:

1. Ni ya volti 12? Malori mengi ni ya volti 24. Usikubali altaneta ya huko ati kwa sababu imeenea kwenye nafasi.

2. Inakaa kwenye mguu wake sawasawa? Puli ilingane na mkanda, na mkanda upite umenyooka. Ukipinda, utalia, utaliwa, na utakatika porini. Kwenye magari mengi mkanda huohuo unazungusha pampu ya maji, ukikatika injini inachemka.

3. Waya mnene wa kwenda betri unabadilishwa? Hapa ndipo watu wanabana hela, na hapa ndipo moto unapoanzia. Waya uliopimwa kwa ampea 70 ukipitisha 100 unapata moto taratibu, plastiki inayeyuka. Waya uwe mnene zaidi, fyuzi kuu ilingane na waya huo, na waya wa hasi kati ya injini, bodi na betri uwe mzima.

4. Soketi yake inafanana? Vile vipini vidogo vina kazi tofauti: kimoja ni cha taa ya betri ya kwenye dashibodi, kingine kinapima volti. Vikichanganywa, altaneta inaweza isichaji, au ikachaji kupita kiasi.

5. Inveta ina waya wake na fyuzi yake kutoka betri? Ile tundu ya kuchajia simu haibebi mashine ya oksijeni. Haibebi, jamani.

Wakati wa kufunga, terminali ya hasi ya betri itolewe kwanza. Na ukiona fundi anapima altaneta kwa kuchomoa betri injini ikiwa inawaka, mzuie kwa heshima. Umeme unaweza kuruka juu ghafla ukaua vifaa. Kipimo ni mita tu: injini imezimwa, volti 12.6 hivi. Inawaka, taa na feni viko juu, 13.8 hadi 14.5. Ikivuka 15, betri itachemka. Mashine iwashwe hapohapo gereji nusu saa, kisha zima injini uguse waya. Vuguvugu sawa. Wa kuunguza, kazi haijaisha.

Jibu langu basi: kama hela inatosha altaneta peke yake bila waya na fyuzi, lipeni ada kwanza. Gari libaki lilivyo, na nesi anayesindikiza aje na mtungi wa oksijeni.

Na joto la kichanga msilisubiri kwenye hita ya gari. Mwaka 1978 kule Bogotá, Colombia, daktari Edgar Rey alikuwa na watoto njiti wengi kuliko mashine za kuwatunzia. Akawaweka vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Ndiyo hiyo tunayoita kangaruu. Kofia, soksi, nepi, mtoto wima katikati ya maziwa, pua wazi, khanga juu yake. Mama akiwa hoi, baba au bibi anaweza. Joto la kichanga tunalitaka kati ya 36.5 na 37.5, na kifua kinalitunza hata gari likizima katikati ya Namtumbo.

Mtumie shemeji mwenye gari asome. Sehemu ya 7 tutaongelea mkoba wa kujifungulia, nini kikae juu na nini chini.